Matabaka Saba: Jinsi Kompyuta za Tiba Zinavyoelewana

Chukulia mgonjwa aliyepigwa picha ya eksirei ya kifua katika kituo cha afya kilichopo Kunduchi. Kituo hakina daktari bingwa wa radiolojia. Anayeweza kuisoma yuko Upanga, katika hospitali ya rufaa. Picha hiyo yaweza kumfikia kwa dakika chache, au isimfikie kabisa huku mgonjwa akipumua kwa shida. Kufika kwake kunategemea itifaki, yaani kanuni ambazo kompyuta hukubaliana kuzifuata ili ziwasiliane.

Kanuni hizo ni nyingi, hivyo zimepangwa kwa matabaka. Mwaka 1984 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilichapisha muundo wa OSI wenye matabaka saba. Msingi wake ni mgawanyo wa kazi, jambo lisilo geni katika soko la samaki la Kunduchi. Mwenye barafu hahitaji kujua kuvua, wala dereva hahitaji kujua samaki atapikwaje. Kila mmoja hutimiza kazi yake na kumkabidhi anayefuata.

Tabaka la kwanza ni la vitu halisi: waya, nyuzi za kioo na mawimbi ya redio. La pili huunganisha vifaa jirani, kama kompyuta na swichi ya jengo moja. La tatu hushughulikia anwani na njia kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. La nne husimamia usafirishaji: picha ya megabaiti 10 hukatwa vipande zaidi ya 6,000 vyenye namba za mpangilio, na kisichofika hutumwa tena. La tano hufungua na kufunga mazungumzo, la sita hutunza umbo na usimbaji wa data, na la saba huihudumia programu anayoitumia daktari. Itifaki za TCP/IP zinazoendesha intaneti, ambazo msingi wake uliwekwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika miaka ya 1970, huyajumuisha matabaka matatu ya juu kuwa moja, lakini mantiki ni ile ile.

Faida ya mpango huu ilionekana Mei 2024, hitilafu ilipotokea katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM na kuzorotesha intaneti nchini Tanzania. Picha ya kutoka Kunduchi kwenda Upanga haina haja ya kuvuka bahari, ila pale inapohifadhiwa kwenye seva iliyo ng’ambo. Hata hivyo, mawasiliano yalipohamishiwa njia nyingine, programu hazikuhitaji kuandikwa upya, kwa kuwa tabaka la juu halijishughulishi na njia iliyotumika chini yake.

Kwa mhudumu wa afya, matabaka ni utaratibu wa uchunguzi. Badala ya kulaumu “mtandao” kwa ujumla, huanza chini: je, kebo imechomoka? Taa ya swichi inawaka? Ruta inafikika? Tovuti nyingine zinafunguka? Kama yote ni mazima, tatizo huenda liko katika programu yenyewe.

Hata hivyo, kufikisha ujumbe si kuelewana. Ndiyo sababu viwango vya HL7, vilivyoanza mwaka 1987, vilichukua namba ya tabaka la saba katika jina lake: vinahusu ubadilishanaji wa taarifa za wagonjwa kati ya programu na programu, kama DICOM inavyohusu picha za tiba. Chukulia kipimo cha sukari ya damu kinachosomeka 20. Kikiwa ni milimoli kwa lita, sukari imepanda mno. Kikiwa ni miligramu kwa desilita, imeshuka kiasi cha kuua. Matabaka yote ya chini yanaweza kuifikisha namba hiyo bila kosa hata moja. Lakini kipimio kisipoandamana nayo, anayehitaji glukosi anaweza kuchomwa insulini.