Kukaa chuoni si kuhudhuria: Neno kwa wanaoanza mwaka wa kwanza

VYUO vikuu vyetu vimefungulia milango kundi jipya la wanafunzi. Masanduku yameteremshwa garini, wazazi wamepiga picha langoni na kurudi nyumbani, na vijana waliozoea kengele, mwalimu wa zamu na prepu za usiku wameachwa na ratiba mkononi na siku nzima mbele yao. Kila mwaka wazazi huniuliza: “Prof, huyu mtoto wangu afanye nini asipotee huko?” Jibu langu huanzia katika neno moja la Kiswahili.

Neno lenyewe ni kuhudhuria. Tazama ukoo wake: mhadhara, mhadhiri, hadhira, hadharani, mahudhurio. Maneno haya tumeyapata kutoka Kiarabu, na yote yana mzizi mmoja wenye maana ya kuwapo mahali, kufika na kuonekana. Mhadhiri yupo mbele ya watu, hadhira ipo mbele yake, na mambo ya hadharani hufanywa pale ambapo watu wapo.

Wanaosoma isimu wataniuliza: je, na tahadhari? Hilo halimo katika ukoo huu ingawa linafanana nao kwa sauti. Kiarabu kina konsonanti mbili tofauti ambazo Kiswahili kimezipokea zote kwa dh moja. Tahadhari na kujihadhari yanatoka katika mzizi mwingine, wa kuepuka hatari. Nalitaja jambo hili kwa sababu nimefundisha miaka mingi na nimeona vijana wengi wa mwaka wa kwanza wakiishi kwa tahadhari huku wakidhani wanahudhuria. Wanaingia darasani, wanakaa nyuma, wanaandika, wanatoka. Hawaulizi, hawabishi hodi ofisini, hawajiungi na chochote. Wanaogopa kuonekana wajinga.

Katika shule ya upili, hofu hiyo haikumdhuru sana mwanafunzi. Mwalimu alimfuata, akakagua daftari lake na kumwita mzazi alipoteleza. Chuo kikuu hakifanyi hivyo. Huduma zipo, lakini zinamngoja mwenye kuzitaka afike. Asiyefika hupita miaka minne karibu na vitu vilivyolipiwa kwa karo yake mwenyewe bila kuvigusa.

Acha nitoe mfano. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja nilikokuwa nikifundisha, binti mmoja aliyekuja na alama nzuri sana za Kiswahili aliacha kuonekana darasani mnamo wiki ya saba. Aliugua homa, akakosa kati mbili, yaani majaribio ya katikati ya muhula, kisha akaona aibu kurudi. Alijifungia katika chumba cha kupanga ng’ambo ya barabara, akiamini kwamba amekwisha kufukuzwa. Hakuna aliyekuwa amemfukuza. Kulikuwa na zahanati ambayo ingempa barua, idara ambayo ingemruhusu kufanya majaribio yale, na utaratibu wa kuahirisha masomo kwa wanaougua. Yeye hakujua hata kimoja kati ya hivyo, na hakuna ofisi iliyomtafuta. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyenijia, muhula ukiwa ukingoni. Binti alipoteza muhula mmoja. Mwenzake angenyamaza, nadhani angepoteza chuo chote.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza kuna lugha yake, na lugha hiyo haifundishwi. Ujumbe wa “Sasa prof, nilikosa kati, utanisaidia aje?” unamwacha mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu akijiuliza ni nani huyu na anataka nini. Linganisha na huu: “Hujambo Profesa. Mimi ni fulani, nambari yangu ya usajili ni hii, nasoma kozi yako ya fonolojia. Sikufanya jaribio la Jumanne kwa sababu nilikuwa zahanati, na barua ninayo. Naomba kujua utaratibu wa kulifanya.” Una jina, nambari, kozi, sababu na ombi moja. Ujumbe wa namna hii hujibiwa upesi kwa kuwa unajibika. Aidha, wahadhiri wengi hutenga saa za kuonana na wanafunzi na kuzibandika mlangoni. Saa hizo mara nyingi hupita mtupu hadi wiki ya mtihani, ambapo foleni hufika kwenye ngazi. Nenda wiki ya tatu, ukiwa na swali moja kuhusu jambo ambalo hukulielewa darasani.

Pili, maktaba. Hapa pia kuna ukoo wa maneno: kitabu, katibu, mkataba na maktaba ni ndugu, wote wana wa mzizi wa kuandika. Mtunzaji wa maktaba tunamwita mkutubi, naye ni mtaalamu aliyesomea kazi yake. Wanafunzi wengi huitumia maktaba kama mahali penye kiti, umeme na intaneti, wakasoma maandishi ya simu tu. Mwulize mkutubi akuonyeshe namna ya kutafuta majarida. Maktaba nyingi za vyuo nchini ni wanachama wa muungano uitwao KLISC, ambao huziwezesha kupata majarida ya kidijitali kwa pamoja. Ukipewa nywila, unaweza kuyasoma ukiwa chumbani bila kulipa hata shilingi. Nusu saa ya kufundishwa jambo hili mwaka wa kwanza itakuokoa mwaka wa nne, wakati wa kuandika tasnifu.

Tatu, vyama na shughuli za wanafunzi. Wazazi wengine huviona kama njia ya kupoteza muda. Mimi huwakumbusha marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o. Alipoingia Makerere mwaka wa 1959, alikuwa kijana wa Limuru asiyejulikana. Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida lililochapisha kazi za wanafunzi, Penpoint, na humo ndimo hadithi zake za kwanza zilimochapishwa. Mwaka wa 1962, tamthilia yake ya The Black Hermit iliigizwa na wanafunzi wenzake katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Kampala, wakati Uganda ikisherehekea uhuru. Mihadhara ilimpa mengi, lakini jarida na jukwaa vilimpa wasomaji na hadhira akiwa bado mwanafunzi.

Si kila mmoja atakuwa Ngũgĩ. Hata hivyo, hesabu ni rahisi. Katika darasa la watu mia tatu, mwanafunzi wa Kiswahili huenda akazungumza mara mbili kwa muhula. Katika chama cha Kiswahili atajadili, ataghani na kuandika kila wiki, na makosa yake yatasahihishwa na marafiki kabla hayajasahihishwa na mwajiri. Vyuo vya Afrika Mashariki vina hata chama kinachowaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa nchi mbalimbali, CHAWAKAMA, ambamo Mkenya hukutana na Kiswahili cha Mtanzania na cha Mganda. Ushauri wangu ni kuchagua vyama viwili, kimoja cha taaluma yako na kimoja cha kukufurahisha, iwe kwaya, kandanda au Msalaba Mwekundu. Nimewaona makomredi waliojiunga na saba, wakaishia kukusanya fulana na sapu.

Nne ni ofisi ambazo mwanafunzi huzikumbuka mambo yakiharibika: zahanati, ofisi inayoshughulikia masuala ya wanafunzi, na ya ushauri nasaha. Jua zilipo ukiwa mzima. Neno ushauri linatokana na shauri, na watu wa kale hawakuona aibu kwenda shaurini. Kijana asiyelala, asiyekula au anayefikiria kujidhuru hahitaji kungoja mpaka awe na maneno mazuri ya kujieleza. Kusema “siko sawa” kunatosha kuanzia, na mshauri hufunzwa kutunza siri. Kuhusu fedha, kumbuka kwamba mkopo wa HELB huombwa upya kila mwaka. Ukikwama na karo, peleka barua kabla ya mtihani, maana mlangoni pa chumba cha mtihani msimamizi hana uwezo wa kukusaidia.

Najua kuna pingamizi. Vyuo vyetu vina uhaba wa fedha, wahadhiri hugoma, na ofisi nyingine utazikuta zimefungwa saa nne asubuhi. Ni kweli, na wanaosimamia vyuo wana deni hapo. Tena si haki kumwachia mgeni kazi yote ya kutafuta. Barua moja ya Kiswahili au Kiingereza chepesi inayoeleza nani anashughulikia nini ingewaokoa wengi kama binti yule. Lakini mwanafunzi hawezi kuahirisha maisha yake hadi mfumo utengenezwe. Ofisi ikifungwa leo, rudi kesho na mwenzako.

Kwa hivyo, wewe uliyeanza juzi, nakupa zoezi la wiki hii ambalo halina alama. Mtembelee mhadhiri mmoja ukiwa na swali. Mwombe mkutubi akuonyeshe jarida moja la taaluma yako. Kaa katika kikao cha chama kimoja, na useme angalau sentensi moja. Kisha mtazame jirani yako wa chumbani. Ikiwa ana siku tatu hajaenda darasani, mwulize kulikoni.