Profesa Anayejua Kwa Nini Hukuja Darasani

Mwanafunzi wa chuo kikuu akikosa vipindi wiki mbili mfululizo, nani anagundua? Vyuoni kwingi hakuna, mpaka matokeo yatoke na wenzake waanze kunong'ona kwamba fulani kadisko. Arrupe College ya Chicago, nchini Marekani, ilianzishwa kwa ajili ya vijana wanaopotea kimyakimya namna hiyo.

Chuo hicho cha miaka miwili kiko chini ya Loyola University Chicago, chuo kikuu cha Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki, na kilifunguliwa mwaka 2015 kwa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Wengi wao ndio wa kwanza kwao kufika chuo. Pale anayekufundisha ndiye pia mshauri wako. Kila profesa ana kundi lake dogo la wanafunzi. Alama zao anazijua, mahudhurio yao anayajua, na anayelegalega humwita yeye mwenyewe. Ataulizia insha ambayo haijaletwa, lakini ataulizia pia nauli, zamu ya usiku dukani, mdogo mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Jambo likimzidi, wapo wataalamu wa ustawi wa jamii hapo hapo chuoni.

Chuo hutoa pia kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Wapo watakaosema chakula si ulezi. Kwangu mimi, kumshauri mwenye njaa kuhusu malengo yake ya maisha ni kupotezeana muda.

Ulezi huu haukuanzia Chicago. Katika karne ya 16 Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliandika Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha kumsaidia mtu kusali na kufanya uamuzi mzito. Humo anamtaka mwongozaji aseme machache, asimvutie mtu upande anaoupenda yeye, na apime mazoezi kulingana na umri, elimu na nguvu za anayeongozwa. Mwaka 1548 Wajesuiti walifungua shule huko Messina, Sicily, na malezi hayo yakaingia darasani.

Ndiyo maana profesa aliyeyaelewa malezi hayo hana haraka ya kujibu. Mwanafunzi anamwendea: "Profesa, nataka kuacha uhasibu nisome uuguzi." Hapewi ndiyo wala hapana. Anaulizwa wazo limeanza lini, ni kazi gani aliyowahi kuifanya akasahau saa, na kama anakimbia hesabu au anafuata wagonjwa. Kisha anaambiwa akafikirie, arudi wiki ijayo. Sisi tulioshika chaki tunajua kwamba kutoa mawaidha ni rahisi zaidi.

Wala kazi hii haihitaji kanzu ya upadre. Maprofesa wengi wa vyuo vya Kijesuiti vya Marekani leo ni walei, na si wote Wakatoliki.

Hata umbali umejaribiwa. Kuanzia mwaka 2010, wakimbizi katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, walisoma kwa intaneti stashahada ya Regis University, chuo cha Kijesuiti cha Denver. Maprofesa walikuwa ng'ambo, lakini kambini waliwekwa wakufunzi wa kukaa na wanafunzi ana kwa ana. Ujumbe wa kompyuta peke yake haumshiki mtu mkono.

Tusidanganyane, malezi haya yana gharama: madarasa madogo, mishahara, na wafadhili wa kubembelezwa kila mwaka. Mhadhiri wetu mwenye wanafunzi 300 katika somo moja hawezi kuyaiga yote, na si haki kumlaumu. Idara, hata hivyo, inaweza kumpa kila mhadhiri majina 15 ya mwaka wa kwanza na saa moja ya wiki iliyowekwa kwenye ratiba, ihesabiwe kuwa kazi kama kipindi kingine chochote. Na wewe mwanafunzi, ikiwa chuo kimekupangia mshauri wa kitaaluma, nenda ukamwone wiki hii, kabla sapu hazijakupeleka kwake.