Goti Likivimba, Mwuguzi Hutazama Nini?

Huku kwetu Litapunga mtu akisema "mifupa inaniuma" hakuna anayeshangaa. Tunalima mahindi na tumbaku, tunabeba kuni na ndoo za maji. Basi maumivu yote huitwa uchovu au baridi yabisi, na mgonjwa hupakwa mafuta na kukandwa. Lakini maumivu haya si ya namna moja, na mengine hayangoji kesho. Yafaa wazazi wajue mwuguzi anatafuta nini, wapate kumjibu sawasawa.

Kazi yake huanza mgonjwa angali mlangoni, kwa kumtazama anavyotembea. Kisha humwomba afunue miguu yote miwili, hata kama unaouma ni mmoja, kwa sababu mguu mzima ndio kipimo cha mguu mgonjwa. Wazee wetu wengine huona haya kupandisha nguo. Lakini goti lililofunikwa halipimwi. Hugusa kwa mgongo wa mkono kusikia joto, halafu humwambia mgonjwa akunje goti mwenyewe kwanza. Hamkunji kwa nguvu.

Maswali yake yana maana. Babu ambaye goti humwuma zaidi baada ya kazi, na asubuhi hukakamaa kwa muda usiofika nusu saa, yaelekea kiungo chake kimechakaa. Mama ambaye vidole vya mikono yote miwili huvimba na kukakamaa saa nzima au zaidi kila asubuhi ana ugonjwa mwingine, nao hutaka dawa mapema kabla vidole havijapinda. Kidole gumba cha mguu kikiwaka ghafula usiku, huenda ni jongo. Tena mwuguzi akiuliza habari za kikohozi na kukonda, msidhani amepotea njia: kifua kikuu huingia hata katika uti wa mgongo, kikaleta kibyongo na miguu kulegea. Na homa yenye maumivu makali ya viungo vingi yaweza kuwa chikungunya, ugonjwa wa mbu ulioelezwa kwanza nchini mwetu, kwa Wamakonde, mwaka 1952. Jina lake latoka katika lugha yao, maana yake kujikunja.

Sasa sikilizeni habari ya watoto. Mtoto mwenye homa, ambaye kiungo kimoja kimevimba na kina moto, naye hataki kukanyaga wala kuguswa, huenda ana usaha ndani ya kiungo au mfupa. Huyo asikandwe, asichanjwe, wala asingojwe hadi siku ya mnada. Usaha huharibu kiungo kwa siku chache tu, na mtoto aweza kuwa kilema maisha yake yote au kufa. Apelekwe siku hiyo hiyo, na zahanati ikisema Mpanda, twendeni Mpanda. Mtoto mchanga wa miezi sita na zaidi akivimba viganja na nyayo, mwuguzi atataka apimwe damu kwa ajili ya selimundu.

Mtu akivunjika, kwa kuanguka juu ya mwembe au kwa pikipiki, mwuguzi hutazama hata vidole vilivyo chini ya jeraha: vina joto? vina rangi yake? vinasikia akiguswa? Gango lililokazwa mno huzuia damu, mguu ukafa ukakatwa. Vidole vikiwa baridi au vyeusi, kamba ilegezwe mara moja, na safari ianze.

Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo hakulogwa, wala mama yake hakukosa neno. Akianza matibabu katika majuma ya kwanza, mguu hunyoshwa polepole kwa plasta ngumu inayobadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano hadi nane, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo. Baadaye huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu saa zote kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala, mpaka afike miaka minne hivi. Hapo ndipo wazazi wengi huchoka, wakaviacha kwa kuwa mguu umenyooka. Nao hurudi kupinda.