Nilimhukumu Mwalimu Asiye na Kosa



Binti yangu alinipa kitabu cha kwanza cha Harry Potter, riwaya ya J. K. Rowling iliyotoka Uingereza mwaka 1997. Waamini wengi wanakiogopa kwa sababu kinasimulia shule ya wachawi. Nilikisoma ili nijue watoto wetu wanasoma nini, nami nikajikuta nimemhukumu mtu bure.

Jiwe la thamani limefichwa shuleni na kuna anayetaka kuliiba. Nikasema moyoni: ni mwalimu Snape. Ana uso mkali, anamchukia Harry, na mguu wake umeumwa na mbwa anayelinda njia ya kufikia jiwe. Tena, siku ufagio wa Harry ulipomtikisa hewani, Snape alionekana akimkazia macho huku midomo yake inatembea. Kumbe mwizi ni Quirrell, mwalimu mwoga mwenye kigugumizi, ambaye nilimhurumia tangu mwanzo. Snape alikuwa akimkinga mtoto asianguke.

Angalieni vizuri: niliyoyaona yalikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika maana niliyoyapa. Nilianza na uso wa mtu, kisha nikakusanya alama za kuniunga mkono.

Ndivyo tunavyofanya vijijini kwetu. Mtoto amekufa. Mama mzee jirani alikuja kumtembelea, ana macho mekundu, anaishi peke yake. Hayo yote ni kweli. Lakini moshi wa kuni huleta macho mekundu, na malaria huua watoto. Sisi tunaruka moja kwa moja: ni yeye mulozi!

Hata nabii Samweli alikosea alipomtazama Eliabu kwa sura (1 Samweli 16:6-7). Torati inadai mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu 19:15), na Mithali 18:17 inatuonya tusimwamini msemaji wa kwanza kabla ya kumsikia wa pili.

Basi, kabla ya kutaja jina la mtu, tujiulize: Nimeona nini kwa macho yangu mwenyewe? Kuna sababu nyingine? Yeye amesikilizwa?

Kosa langu la kitabuni lilisahihishwa kwenye kurasa za mwisho, wala halikumuumiza mtu. Lakini mama aliyechomewa nyumba hana ukurasa wa kumrudishia nyumba yake. Kanisa lisimame mlangoni pake kabla umati haujafika.