Mali Ikiwa Mbovu: Haki ya Mnunuzi na Wajibu wa Mwenye Duka

Katika maduka mengi ya Kenya, mijini na mashambani, huonekana maneno haya ukutani au chini ya stakabadhi: "Mali ikiisha kuuzwa hairudishwi." Wanunuzi wengi wakiyasoma hudhani ya kuwa hiyo ndiyo sheria. Mtu aliyeuziwa kitu kibovu huona haya kurudi dukani, akakiweka pembeni na kupata hasara kimya kimya. Yafaa watu wote wajue ya kwamba maneno hayo hayawezi kumwondolea mnunuzi haki yake, ikiwa mali aliyouziwa ilikuwa mbovu.

Haki hiyo si ngeni. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ilianza kutumika Kenya tarehe 1 Oktoba 1931. Sheria hiyo yasema kwamba mali iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo yake, na kwamba mfanyi biashara auzaye mali ya aina fulani sharti atoe mali nzima ifaayo kuuzwa. Tena mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia mali hiyo, na akitegemea ujuzi wake, yapasa mali iifae kazi hiyo.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, ilimpa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kadiri ipasavyo, na fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Kisha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikatangaza kuwa maneno yoyote yanayojaribu kuyaondoa masharti hayo ya ubora ni batili.

Mathalani, mtu amenunua taa ya nguvu za jua kwa shilingi 3,500 ili watoto wake wapate kusoma usiku. Ameambiwa kwamba itawaka saa sita. Lakini usiku wa pili yazimika baada ya nusu saa, ingawa ilianikwa juani mchana kutwa. Taa hiyo hailingani na maelezo yake. Mnunuzi aweza kuikataa na kudai fedha zake. Aweza pia kukubali apewe nyingine, au itengenezwe, lakini hilo ni kwa hiari yake.

Wenye maduka wengine hujibu, "Nenda kwa waliotengeneza." Jibu hilo halitoshi. Mapatano yalifanywa kati ya mtu aliyetoa fedha na mtu aliyezipokea, kwa hiyo aliyezipokea ndiye wa kujibu. Waranti ya kiwanda ni nyongeza ya haki ya mnunuzi, wala haichukui mahali pake.

Hata hivyo, wenye maduka nao wana haki zao. Mtu aliyebadili nia tu, au aliyeona taa ya bei nafuu zaidi kwingine, hawezi kutumia sheria hii kurudisha mali nzima. Aliyeiangusha mwenyewe ikavunjika hana dai. Na aliyeikagua mali kabla ya kuinunua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipasa kumwonyesha.

Jambo kubwa ni kutokawia. Mnunuzi akikaa na mali kupita muda ufaao bila kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa, sheria humhesabu kuwa ameikubali. Hapo aweza bado kudai fidia, lakini amepoteza haki ya kuikataa. Ndiyo maana wazee husema, chelewa chelewa utapata mwana si wako.

Basi, kasoro ikionekana, mnunuzi aache kuitumia mali hiyo. Asiifungue wala asiipeleke kwa fundi, ili isije ikasemwa kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Airudishe dukani upesi pamoja na stakabadhi; kama alilipa kwa simu, ujumbe wa malipo ni ushahidi pia. Muuzaji akikataa kumsikiliza, amwandikie barua yenye tarehe, aeleze kasoro na anachodai, na nakala aiweke.

Barua isipofaa kitu, ipo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60.

Lakini mambo mengi ya namna hii yaweza kumalizika dukani, pasipo kufika mahakamani, ikiwa kila upande wajua wajibu wake. Mwenye duka na aijaribu mali mbele ya mnunuzi, aseme kweli juu yake. Mnunuzi naye asitoke dukani kabla ya kupewa stakabadhi, hata kama kitu alichonunua ni cha shilingi chache.