Mutanga Nord: Mkopo wa mpakani huanzia uani

BUJUMBURA. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, haikuungua mali peke yake. Watu waliokuwa wakipeana mzigo kwa mkopo kwa vile meza zao zilipakana walitawanyika, wengine Ruvumera, wengine Ngagara, wengine Kwa Siyoni. Ujirani uliokuwa dhamana yao ukabaki bila mahali.

Ndiyo maana mkongwe wa biashara mwenye ua Mutanga Nord ana kazi ambayo maonyesho hayaiwezi. Maonyesho ya wajasiriamali wa Afrika Mashariki, ambayo wengi bado huyaita Jua Kali, yalifanyika mjini hapa Desemba 2023. Banda humpa mtu wateja wa siku ile na namba nyingi za simu. Lakini mchele hauvuki Kobero kwa mkopo kwa sababu ya namba ya simu.

Mwenyeji anayejua kazi haalika wakubwa tu. Humwita mnunuzi wa dagaa wa Uvira, mwenye boti wa Kigoma, dereva wa lori, na hasa wakala wa forodha. Huyu akieleza kwamba mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya pamoja, hupita kwa cheti rahisi cha uasili, mgeni ameshapata faida kabla mishikaki haijaiva.

Jambo zito ni sarafu. Mei 2023 dola moja kwa bei rasmi ilipanda kutoka faranga 2,100 hivi hadi zaidi ya 2,800. Aliyekuwa amekopesha kwa faranga alilipwa hesabu ileile, mali pungufu. Kwa hiyo deni lihesabiwe kwa faranga, shilingi au dola? Swali hilo huumiza kwenye simu. Mezani, mbele ya mashahidi, huulizwa bila mtu kuonekana mchoyo.

Kwa Warundi kinywaji hufungua maneno, ila meza isiyo na chai na Fanta kwa Waislamu wa Buyenzi imeshawafukuza wateja wa vitenge.

Na mwenyeji asiuze chochote jioni hiyo. Kumtambulisha mtu ni kumdhamini: akitoroka na mali, atakayepigiwa simu ni mwenye ua. Ni busara kuwashauri wageni mzigo wa kwanza uwe mdogo, nusu taslimu, nusu baada ya lori kushusha. Mkopo kamili usubiri safari ya tatu.