Nasaba ya Jicho

Namkumbuka mzee mmoja wa vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mfugaji tangu utoto wake, aliyeweza kumtambua ng'ombe wake akiwa ng'ambo ya bonde, ilhali bega lake lilikuwa na michubuko kwa sababu ya kujigonga kila siku kwenye mwimo wa mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Aliniambia, “Muganga, mimi naona muzuri,” wala hakusema uwongo, maana katikati ya jicho lake nuru ilikuwa bado timamu. Bali pembeni kote giza lilikuwa limekwisha kuingia pole pole, akawa kama mtu achunguliaye dunia kwa tundu la mwanzi. Hayo ndiyo maradhi yaitwayo glakoma, ambayo wengi huyajua kwa jina la presha ya macho.

Ndani ya jicho mna maji safi yatengenezwayo usiku na mchana, nayo hutoka kwa chujio jembamba lililo pembeni, pale kioo cha mbele kinapokutana na ile duara yenye rangi. Chujio hilo likizibika, aghalabu maji hukaa kwa nguvu na kuudhuru mshipa wa fahamu uupelekeao ubongo habari za yaonekanayo, na ukishakufa mshipa huo haufufuki kwa dawa yoyote. Seli za chujio hilo hupigwa umri wote na taka kali zitokanazo na oksijeni, na mwili umejaaliwa walinzi wa kuziondoa, ndio vimeng'enya. Jamii moja ya vimeng'enya hivyo, iitwayo glutathioni-transferasi, huishika sumu, huifunga na kitu kiitwacho glutathioni, hata ikayeyuka katika maji na kutoka mwilini; na miongoni mwa kazi zake ni kuzishughulikia sumu za moshi, ambao akina mama wa Masisi huuvuta kila jioni mbele ya mafiga.

Sasa ajabu yenyewe ni hii: wako watu, nao si wachache, waliozaliwa bila jeni ya kimeng'enya kimoja katika jamii hiyo, GSTM1; si kwamba imedhoofika, bali haikurithiwa kabisa, si kwa baba wala kwa mama. Wataalamu wakadhani wamepata shina la glakoma. Uchunguzi mmoja wa Uturuki ukaonyesha kwamba wagonjwa huikosa jeni hiyo zaidi ya watu wenye afya. Lakini ule wa Estonia, uliotolewa mwaka 2000, ukapata kinyume chake, kwamba wagonjwa ndio waliozidi kuwa nayo. Nami huongeza hoja ambayo kwangu ina uzito zaidi: Wazungu wanaoikosa GSTM1 ni karibu nusu yao, na Waafrika ni kama robo tu, ilhali katika watu 100 waliovuka miaka 40, wenye glakoma ni kama 7 miongoni mwa watu weusi kisiwani Barbados, 4 huko Kongwa nchini Tanzania, na kama 1 tu miongoni mwa Wazungu wa Baltimore, Marekani. Lau upungufu huo ndio ungekuwa asili ya maradhi, hesabu hizi zingegeuka juu chini.

Hata hivyo kipo kimeng'enya kimoja cha kuvunja sumu ambacho ushahidi wake hauna shaka, nacho ni CYP1B1, ambacho mwaka 1997 ilibainika kwamba mtoto akirithi nakala mbovu za jeni yake kutoka kwa wazazi wote wawili, huweza kuzaliwa na glakoma. Jina la Kiyunani la jicho la mtoto wa namna hiyo maana yake ni jicho la ng'ombe; na mama wa Masisi, aliyekulia katikati ya ndama, hahitaji kufafanuliwa akiliona jicho la mtoto wake limekuwa kubwa kupita kiasi, lina ukungu, linatoka machozi na kuikimbia nuru. Mtoto huyo hapasi kungojea. Huhitaji kupasuliwa mapema, na kuingoja mvua ipungue ili barabara ya kwenda Goma ipitike ni kumnyima macho.

Kwa watu wazima, ulizo la nasaba hutangulia kipimo chochote cha jeni, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja na mgonjwa hatari yake huzidi mara kadhaa, na kumpima presha ya jicho na kumtazama mshipa wake ni kazi ya dakika chache. Matone kama timololi hayarudishi kilichopotea, bali huzuia kilichobaki kisipotee, mradi yatiwe kila siku bila kukosa, jambo ambalo ni zito sana kwa mtu anayekimbia vita na mkeka kichwani.

Siku ile nilimwomba mjukuu wa mzee anihesabie jamaa zake. Ndugu wawili walikuwa hai, na watoto saba, mmoja wao akichimba madini ya kasiteriti upande wa Walikale, ndani ya msitu, mwenye miaka 44, ambaye kwa maneno ya kijana huyo alikuwa ameanza kujikwaa.